Shule ya Mji Mdogo Hujengwa na Nani?

Katika nchi ya chai, kuanzia Kericho kupitia Litein hadi Bomet, msafiri hupita miji midogo mingi. Kila mmoja una soko, maduka ya mabati, na kituo cha kupimia majani ya chai. Na haikosekani shule ya sekondari karibu yake. Watoto wa leo huiona shule hiyo kama kwamba ilikuwapo siku zote. Sivyo, na yafaa kujua ilitoka wapi, kwa maana kitu kisichojulikana asili yake hupuuzwa upesi.

Mwaka 1925 Serikali ilianzisha shule ya Kabianga kwa ajili ya Wakipsigis, katika miaka ile ile makampuni makubwa yalipoanza kupanda chai Kericho. Hata hivyo, kwa muda mrefu kijana aliyetaka masomo ya sekondari ilimpasa kwenda mbali, pengine mpaka Kikuyu, kwenye Shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926. Waliopata nafasi walikuwa wachache mno.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wazazi hawakukaa kungoja. Kwa Harambee walichanga fedha, wakasomba mawe na mchanga, wakajenga madarasa. Shule nyingi za kutwa zilianza hivyo, na msaada wa Serikali ukafuata.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Katika Wales, nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, sheria ya mwaka 1889 iliruhusu mabaraza ya wilaya kutoza nusu peni katika kila pauni ya thamani ya nyumba na mashamba, ili kuanzisha shule za sekondari. Serikali nayo iliongeza kiasi kama hicho. Kwa njia hiyo hata miji midogo ya pwani, yenye wavuvi na mabaharia, ilipata shule zake. Nusu peni ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kenya imefuata mwendo wa namna hiyo. Tangu mwaka 2008 Serikali hulipa gharama ya masomo katika shule za kutwa, na mwaka 2018 kiasi kilichowekwa kilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wako wanaosikia neno "bure" wakadhani hakuna kilichosalia. Lakini sare na chakula cha mchana ni juu ya mzazi.

Hapa ndipo penye hatari. Mkulima mdogo wa chai hulipwa mara mbili: kwanza kila mwezi, kwa kadiri ya kilo alizopeleka; kisha bonasi, ambayo kwa kawaida hutolewa karibu na mwezi wa Oktoba. Shule hufunguliwa Januari, na katikati ipo Krismasi. Bonasi ikiliwa yote katika sikukuu, na kiangazi kikapunguza majani, mtoto huanza kurudishwa nyumbani. Mara nyingi binti ndiye huambiwa angoje kwanza. Anayengoja muhula mmoja huachwa nyuma na wenzake, na wengine hawarudi kamwe.

Dawa yake si ngumu. Siku ile ile bonasi inapopokelewa, mzazi na atenge fedha za sare na za chakula cha mwaka mzima kabla ya kununua kitu kingine. Akiweza, alipe shuleni mapema na kudai risiti. La sivyo, aziweke katika chama cha akiba na mikopo. Mfanyakazi wa shamba kubwa, ambaye hulipwa mshahara, na aweke kidogo kila mwezi.

Wazee walichanga ili kuta zisimame. Wazazi wa leo wana wajibu mwepesi zaidi, nao ni kuhakikisha kwamba mtoto aliyepata nafasi hakosi kuingia darasani.