Raketi Iliyonirudisha Chuoni

Msomaji mpenzi, usinicheke. Mimi, mtu wa hamsini na ushei, mwenye mvi na wajukuu, nimeanza kujifunza tenisi. Daktari aliniambia sukari imepanda, nitafute jambo la kunitoa jasho. Nikaenda uwanjani hapa Mombasa, nikakabidhiwa kocha aliye rika la kitindamimba wangu.

“Shikamoo, ami,” akaniamkia. “Leo hatutapiga mpira kwa raketi. Tutarushiana na kuudaka kwa mkono.”

Nilidhani anifanyia mzaha. Kumbe ndiyo njia yenyewe. Tangu mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeieneza duniani: anayeanza hupewa mpira mwekundu, ambao kasi yake ni pungufu kwa asilimia 75 kuliko ule wa manjano wa mashindano, na kiwanja cha meta 11 hivi badala ya 23.77. Akizoea hupandishwa kwenye mpira wa rangi ya chungwa, kisha wa kijani, ndipo afikie wa manjano.

Somo la pili, nilifundishwa kuishika raketi kana kwamba nampa mtu mkono. La tatu, kuuelekezea wavu bega kabla ya kupiga. La nne, tulirudishiana mpira mara kumi bila ya kukosa. Nikakumbuka chuoni: alifu peke yake, kisha irabu, kisha kuunganisha, hata tukafika juzuu Amma. Hakuna aliyeanzishiwa Yasini siku ya kwanza.

Hapo moyo ukanichoma. Miaka mitatu nyuma, kijana wa mtaani kwetu aliniletea shairi lake la kwanza. Kwa kikao kimoja nikamkosoa vina, mizani na lugha, karatasi ikajaa wino. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake, asirudi tena. Nami nikawa nasema vijana wa leo hawana subira. Waama, asiye na subira nilikuwa mimi: nilimpigia mpira wa manjano aliyestahiki mwekundu.

Juzi baada ya magharibi nilimfuata kwao. Nikamtaka radhi, nikamsimulia habari ya mipira, nikamwambia aje na ubeti mmoja tu. Tutaanza na vina, mizani itafuata.

Akanitazama, akatabasamu. “Na wewe, ami, huo wa manjano umeshauweza?”

“Bado,” nikamjibu. “Alhamisi ni somo la tano.”