Michango ya Karo katika Nchi ya Chai

Itumbe ni nchi ya vilima na mashamba ya chai katika Kaunti ya Kisii, na mwaka wa mkulima wa huko huhesabiwa kwa malipo mawili. Kila mwezi hulipwa kiasi kidogo kwa kila kilo ya majani aliyopeleka kiwandani. Kisha, yapata mwezi wa Oktoba, baada ya kufungwa hesabu za mwaka zinazokwisha 30 Juni, hulipwa salio liitwalo bonasi. Karo ya shule hudaiwa Januari. Katika miezi hiyo mitatu bonasi hupata wenyewe wengi: mwenye duka, mabati, harusi. Tena viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa mara nyingi hulipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki, hata mzazi aliyeweka ahadi kwa moyo safi huweza kufika langoni mwa shule mikono mitupu.

Tangu mwaka 2008 Serikali ya Kenya imekuwa ikilipia masomo ya sekondari katika shule za umma, na mwaka 2018 kiasi hicho kiliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mtoto aliye katika shule isiyo ya umma hahesabiwi katika fedha hizo. Wako wanaouliza kwa nini basi asihamishwe. Swali hilo ni la haki, na kwa mtoto anayeanza, pengine kuhama ndilo jambo la busara. Lakini yatima aliyefiwa na mlipaji wa karo katikati ya masomo, naye amekwisha kuandikwa hapo kwa mtihani wa mwisho, hawezi kuhama kwa urahisi. Huyo ndiye hasa anayestahili basari.

Kuchangia shule isiyo ya Serikali si jambo geni Kenya. Wakikuyu walianzisha umoja wa shule zao huru mwaka 1934, na mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikafunguliwa. Chini ya Mbiyu Koinange, fedha zilikusanywa kwa marika, kila rika likiona haya kushindwa na jingine. Shule hizo zilifungwa baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa mwito wa taifa, na katika miaka ya 1970 sekondari za Harambee zilizidi zile za Serikali kwa hesabu. Nyingi zilikuwa na kuta imara na walimu haba, kwa sababu watu hupenda kuchangia kitu kinachoonekana, na karo ya mtoto haionekani.

Abagusii walikuwa na desturi mbili za kusaidiana shambani. Risaga ilikuwa mwito wa siku moja: majirani wengi walikuja kulima, wakakirimiwa, wakaenda zao. Egesangio kilikuwa kikundi kidogo kilicholima kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka wote waishe. Harambee ya siku moja, yenye hema, mgeni wa heshima na jogoo anayenadiwa, ni mfano wa risaga. Basari yataka mwenendo wa egesangio.

Yafaa halmashauri ipate kibali cha kuchangisha, kama sheria inavyotaka, na itoe stakabadhi kwa kila senti, hata ya yule bibi aliyeleta yai likanadiwa. Fedha na ziwekwe benki kwa sahihi za watu watatu, kisha zilipwe shuleni moja kwa moja, wala zisipitie mkononi mwa jamaa. Mgeni wa heshima asiwe sababu ya mkutano. Mwaka 2003 sheria ya maadili ilikataza watumishi wa umma kutumia ofisi zao kuchangishia Harambee.

Kazi ngumu ni kugawa. Tuseme zimepatikana shilingi 120,000, na karo ni 40,000 kwa mwaka katika masomo ya miaka mitatu. Fedha hizo zatosha watoto watatu kwa mwaka mmoja, au mtoto mmoja mpaka mwisho. Halmashauri nyingi huchagua watatu, kwa kuwa majina matatu hupendeza kusomwa mbele ya watu, na Januari ya pili wote watatu hurudishwa nyumbani. Wachangaji waambiwe kabla ya kutoa ni ipi kati ya njia hizo mbili itakayofuatwa.