Kijani cha Land Rover hakipatikani kwa namba peke yake

Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, rangi haikuwa jambo la mtu kuchagua. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu, na magari ya mwanzo yakapakwa kijani chepesi kilichosalia kwenye akiba ya jeshi. Kile kijani kilichokolea, Bronze Green, kilifuata baadaye. Baadaye tena ikaja Limestone, nyeupe inayoelekea krimu, kwa ajili ya paa na rimu.

Tanzania magari hayo bado yanafanya kazi. Oktoba 2024 wenye nayo walikusanyika Arusha kwa tamasha kubwa, na ukitoka nje ya mji utayakuta yakipanda milima na mizigo. Gari la kazi halikosi mikwaruzo. Mlango ukichubuka, mwenye gari hukimbilia kopo la rangi ya kupuliza: ni nafuu, halihitaji kompresa, na kazi huisha siku hiyohiyo. Kesho yake mlango ni kijani, bodi ni kijani, na bado aliye ng'ambo ya barabara anakiona kiraka.

Namba ya rangi ipo. Kwenye jedwali la Uingereza la BS 381C, Deep Bronze Green ni 224. Duka linalochanganya rangi hupima kila kiungo kwenye mizani, kisha hujaza mchanganyiko kwa mashine ndani ya kopo lililokwisha kutiwa gesi. Lakini namba hiyo inaeleza rangi ilivyokuwa ikiwa mpya. Gari la matoleo ya zamani, Series II au III, limeshapigwa jua kwa miaka mingi tangu hapo, na boneti imepauka kuliko mlango.

Ndiyo maana fundi makini hutafuta rangi mbili. Ya kwanza ni ile ambayo jua halikuifikia: chini ya mto wa kiti, au kwenye ukingo wa mlango karibu na bawaba. Hiyo humwambia gari lilizaliwa na rangi gani, maana mengi yamepakwa upya zaidi ya mara moja. Ya pili ni ya bati linalopakana na jeraha, na hiyo ndiyo ya kupeleka dukani. Kabla ya kuilinganisha, huisugua kwa kompaundi na kitambaa safi. Kitambaa hutoka na unga wa kijani. Ni rangi iliyokufa juu, na chini yake huonekana kijani kizito zaidi. Anayeruka hatua hii analinganisha rangi na vumbi.

Kisha yafaa kupuliza kwanza kwenye kipande cha bati, si kwenye gari. Rangi ikauke kabisa, kwa kuwa mbichi na kavu hazifanani, halafu bati lishikwe kando ya mlango juani na kivulini. Chini ya taa ya gereji Bronze Green hukaribia weusi, na rangi mbili zinazofanana hapo zinaweza kuachana mchana. Limestone nayo ina mtego wake: wengi hununua nyeupe tupu, na paa linakuwa kama la gari jingine.

Aluminiamu haishiki rangi hivihivi. Inahitaji praima yake maalumu, la sivyo rangi hubanduka kama ganda la yai. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye bati, na kila mkono upewe nafasi ya kupumua kabla ya unaofuata. Ni bora kupuliza mlango mzima hadi ukingoni kuliko kuishia katikati. Pwani, Dar es Salaam au Tanga, unyevu wa asubuhi huiachia rangi ukungu mweupe. Heri kungoja hewa ikauke.

Kwa mng'ao wa kudumu kuna makopo yenye kigumishaji ndani, yanayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe chini ya kopo. Ukishabonyeza, rangi huganda ndani baada ya siku moja au mbili, hivyo msasa na praima vitangulie. Mvuke wa rangi hiyo una isosayaneti inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Inatakiwa angalau ile ya chujio la kemikali, na kazi ifanyike mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali.