Nilijisikiliza Kabla ya Kuwasomea Wenzangu

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Sofu, Kibaha. Tuko akina mama 18. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la kisomo. Kila mkutano kazi yangu ni kusimama na kuwasomea wenzangu daftari la hesabu.

Siku moja nilisoma hivi: "Fedha za sandukuni ni elfu mia moja na ishirini." Nilisoma mbio ili nimalize, niketi. Bibi mmoja akainua mkono. Akauliza, "Katibu, mwezi uliopita zilikuwa laki moja. Mwezi huu wote zimeongezeka shilingi ishirini tu? Hisa zetu zimekwenda wapi?"

Daftarini imeandikwa 120,000. Yeye alisikia 100,020. Ubishi ukaanza. Wengine wakamtazama mweka hazina kwa jicho baya. Ilibidi sanduku lifunguliwe, noti zihesabiwe moja moja. Fedha zilikuwa kamili, lakini maneno yalikwisha kuenea mtaani.

Usiku ule sikulala vizuri. Daftari lilikuwa sawa. Kosa lilikuwa mdomoni mwangu, nami sikulijua.

Mwanangu ndiye aliyenisaidia. Alifungua kinasa sauti katika simu yake akasema, "Mama, soma kama unavyosoma kwenye kikundi." Nikasoma. Aliponisikilizisha, niliona haya. Nikasema, "Huyo si mimi!" Sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Ndugu msomaji, usishtuke hali hiyo ikikupata. Unapozungumza, unaisikia sauti yako kwa njia mbili. Moja ni hewa, kama wanavyoisikia wengine. Ya pili ni mifupa ya kichwa chako, nayo huifanya sauti iwe nzito. Simu hunasa ile ya hewani tu. Basi sauti ile ngeni ndiyo wanayoisikia wenzako siku zote.

Zamani kujisikiliza hivi kulikuwa kwa watu wachache. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alisafiri mpaka Bombay, India, mwaka 1928 ili nyimbo zake zirekodiwe katika santuri. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti, na kinasa sauti kikawa chombo cha kubeba mkononi. Leo simu nyingi zinacho ndani yake, hata baadhi ya zile ndogo za vitufe.

Mara ya kwanza kusikiliza hakukunifaa, kwa kuwa nilikuwa naona haya tu. Mara ya pili nilishika daftari na penseli, nikafuata mstari kwa mstari. Hapo ndipo nilipojisikia. Nilikuwa sipumziki kwenye nukta. Tena, kila nilipokaribia mwisho wa sentensi sauti ilizama. Na mwisho wa sentensi ndipo zilipo hesabu!

Sasa nasoma mistari mitano tu kwa wakati mmoja. Ukurasa mzima huchosha, na makosa husahaulika. Narekodi, nasikiliza, natia alama penye kosa, kisha narudia mistari ile ile. Simu naiweka hatua nne mbali nami, maana bibi yule huketi nyuma kabisa. Na siku hizi nasema "laki moja na elfu ishirini". Hiyo haina njia mbili za kusikika.

Nikimaliza nafuta yote. Majina ya wenzangu na madeni yao si mambo ya kubaki katika simu ya kijana.

Mkutano uliofuata nilisoma polepole. Nilipofika kwenye madeni, bibi yule akainua tena mkono. Moyo ukanipiga.

Akasema, "Katibu, hebu rudia langu."

Nikarudia. Akafungua pindo la khanga yake, akatoa elfu tano.