Akina Bibi wa Nyakiyumbu na Historia Isiyoandikwa

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Usemi huu unawastahili akina bibi wa Nyakiyumbu, karibu na Bwera, wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, ambao sasa wanatutoka mmoja mmoja. Hatumtaji hata mmoja kwa jina. Tunalikumbuka rika zima.

Hebu msomaji apige hesabu. Aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na umri wa miaka 22, pengine mke mwenye mtoto mgongoni, tarehe 30 Juni 1962, Isaya Mukirane na wenzake walipotangaza kuwa Rwenzururu imejitenga na ufalme wa Toro. Alikuwa na miaka 42 Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, aliposhuka mlimani mwaka 1982 na kuweka silaha chini. Novemba 1996, waasi wa ADF walipoishambulia Mpondwe kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa na miaka 56, na wajukuu wa kukimbia nao. Na Juni 2023, waasi hao walipoua watu zaidi ya 40 huko huko Mpondwe, wengi wao wanafunzi wa sekondari, alikuwa na miaka 83.

Majina ya wanaume wa mambo hayo yamo vitabuni. La bibi halimo. Tena Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Basi akina Masika ni wengi, na jina peke yake halimtambulishi marehemu. Kinachomtambulisha ni kazi yake: pamba aliyoilima tambarare, karo iliyotokana na pamba hiyo, wagonjwa aliowauguza, mume aliyemzika na nyumba aliyoishika baada yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Msibani husomwa idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, nasi tukafarijika kwamba uzao ni mwingi. Lakini ni nani katika wajukuu hao ajuaye bibi alikimbilia wapi, alipewa hifadhi na nani, na watoto walikula nini?

Twawaasa vijana wasingoje matanga. Wakae na bibi jioni, wamwulize, waandike, kisha wamsomee walichoandika ili asahihishe angali hai. Na sifa anazostahili, azisikie mwenyewe.