Mfupa wa Paja: Jinsi Unavyounga, na Jinsi Unavyokosa Kuunga

Leo twataka kueleza habari ya mfupa ambao watu wengi huutegemea kila siku bila kuufikiri, nao ni mfupa wa paja. Ndio mrefu na wenye nguvu kupita mifupa yote ya mwili. Kichwa chake kimeingia katika tundu la nyonga, na nyonga ndizo zichukuazo uzito wa kiwiliwili. Basi mifupa hii ikivunjika, mtu hawezi kusimama, wala kulima, wala kwenda shule.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa mfupa si kama kijiti kikavu. Una uhai, una damu ndani yake, nao ukivunjika hujitengeneza wenyewe. Damu iliyomwagika penye mvunjiko huganda. Baada ya majuma machache vipande hushikwa na kitu laini kama gegedu la sikio, kisha kitu hicho hugeuka kidogo kidogo kuwa mfupa mgumu. Paja la mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi 3 hata 6 kuunga. La mtoto huunga upesi zaidi. Hata baada ya hapo mwili huendelea kuuchonga mfupa ule kwa muda mrefu, kama seremala apigavyo ubao randa.

Lakini kazi hiyo yaweza kuharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuunga vibaya. Misuli ya paja ina nguvu nyingi, nayo huvuta vipande hata vikapandana. Vikiachwa hivyo, mfupa huunga kweli, lakini mguu hubaki mfupi au umepinda, na mtu huchechemea. Ya pili ni kukawia kuunga. Ya tatu ni kutounga kabisa: vipande huchezacheza, kana kwamba pamezuka kiungo kipya katikati ya paja. Sababu zake ni vipande kutotulizwa, damu kutofika vizuri, jeraha kufanya usaha, chakula hafifu, na uvutaji wa tumbaku. Shingo ya mfupa huo, karibu na nyonga, ina hatari zaidi, kwa kuwa mvunjiko wa hapo waweza kukata njia za damu. Huko ndiko wazee wengi huvunjika waangukapo.

Watu walijifunza mambo haya kwa hasara kubwa. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya 1914 hata 1918, askari wengi waliovunjika paja walikufa. Tabibu Hugh Owen Thomas wa Liverpool, Uingereza, aliyefariki mwaka 1891, alikuwa ameacha gango la chuma la kuunyosha mguu na kuutuliza. Gango hilo lilipoenea vitani, vifo vilipungua sana. Kisha mwaka 1939 Gerhard Küntscher wa Ujerumani alianza kupitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Njia hizi mbili, kuvuta mguu na kutia msumari, zingali zikitumika hospitalini.

Tena kuna ufa usioletwa na ajali. Mkimbiaji au askari anayezidisha mazoezi aweza kupata ufa mdogo katika paja au nyonga. Huumwa kinenani au pajani anapokwenda, na hupata nafuu apumzikapo. Asijikaze, bali apumzike na kumwona daktari. Maana usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mfupa ukivunjika kwa jambo dogo tu, huenda pana ugonjwa ndani yake, nao hutaka kupimwa.

Basi tufanyeje mtu akianguka mnazini, au akiumizwa na pikipiki? Asiinuliwe mikono na miguu, wala mguu usikandwe. Tumlaze, tutie nguo kati ya miguu, tuufunge mguu mbovu pamoja na mzima kwa vitambaa vipana, kisha tumchukue hospitalini juu ya ubao au kitanda bila kukawia. Paja lililovunjika laweza kumwaga lita nzima ya damu ndani kwa ndani, wala tone moja lisionekane nje.

Hatuwadharau wazee wetu wanaojua kuganga. Lakini mabanzi yakikazwa mno, damu haipiti. Vidole huwa baridi, hufa ganzi, hubadilika rangi, na mguu ambao ungepona hukatwa. Vidole vikiwa hivyo, kamba zilegezwe papo hapo.

Mfupa wajua kazi yake ya kujiunga. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba umenyoka, umetulia, na umepewa muda wa kutosha. Anayeutupa mkongojo kabla daktari hajamruhusu, huenda akaanza safari yake upya.