Pesa ya dawa imefika. Na anayemhudumia mgonjwa?

Mwisho wa mwezi simu nyingi hulia Kinna. Kaka yuko Isiolo mjini, dada yuko Nairobi, na pesa inayoingia ni "ya dawa ya mama." Safi kabisa. Lakini anayeipokea mara nyingi ni mtu mmoja tu: binti, au mke wa kaka, aliyebaki boma.

Huyo ndiye anamgeuza mama usiku, anamwogesha, anachota maji, na siku ya kliniki anatafuta gari la kwenda Maua. Wanaume wakihama na mifugo kutafuta malisho, anabaki pekee. Halafu kumbuka ile misimu 5 ya mvua iliyokosa mfululizo, mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mbuzi wa kuuza shida ikiingia, maboma mengi hayana tena.

Uchovu wa kawaida huisha mtu akilala. Lakini akikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni au hafurahii tena chochote, usingizi umepotea, chakula hakipiti, anajiona hana maana, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa na unatibika. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Aende kituo cha afya aeleze vile anavyojisikia, hata kama alienda kumpeleka mama.

Tusidanganyane, pesa haiponyi huzuni. Ila inaweza kununua kitu anachokosa: mapumziko. Mkubaliane kama familia, mtenge kiasi cha kumlipa jirani akae na mgonjwa nusu siku kila wiki. Pia mtumie yeye chake, hata kama ni kidogo, ambacho hatakitolea hesabu. Chagueni tarehe moja ya kutuma na mwongeze ada ya kutoa kwa wakala. Kungoja pesa usiyojua itakuja lini ni mzigo peke yake.

Na hii ya kuuliza kwa grupu ya familia, "ile elfu tatu ilienda wapi?" Jamani! Mtu hajalala siku nne. Jumbe za malipo ziko kwa simu. Kama hesabu inahitajika, mmoja wenu akae naye wazipitie polepole, bila kelele.

Waborana wana busa gonofa, ambapo ukoo humchangia mifugo aliyepoteza yake. Kwa maoni yetu, aliyepoteza usingizi pia anastahili mchango, na huo unaweza kuwa wa masaa. Wifi achukue usiku wa Ijumaa, kijana wa shule achote maji.

Kuongea pia husaidia kabla mambo hayajaharibika. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha akina nyanya kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinna haikosi akina ayo wa kusikiliza.

Akianza kusema heri afe, usimwache peke yake. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu Kenya. Hawatakuuliza PIN yako. Anayeiuliza ni tapeli, kata simu.